Maswali ya Wasomaji: Mzuka katika Nyumba ya Likizo

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 10 na mwingine 5, na sasa nina ujauzito wa miezi mitano. Tunaishi Dar es Salaam, na kila shule zinapofungwa mwezi wa Juni hupanda milimani kwao mume wangu, katika kijiji kilicho juu ya Lushoto, ili watoto wakae na bibi yao na wapumzike na kelele za mjini. Hii ni likizo ya kwanza tangu baba mkwe afariki dunia, na mama mkwe ametupa chumba alichokuwa akilala marehemu, kwa kuwa ndicho chenye kitanda kinachotutosha mimi na watoto.

Tangu wiki ya kwanza hatujalala vizuri. Hushtuka usiku wa manane nikiwa na hakika kwamba kuna mtu amesimama karibu na kitanda. Moyo hunienda mbio, masikio huvuma, na nikitaka kuinuka miguu huwa mizito. Juu ya dari husikika kishindo cha mtu anayetembea polepole, na zaidi ya mara moja nimesikia kichanga kikilia nyuma ya dirisha, ilhali hakuna jirani mwenye mtoto mchanga. Mwanangu mdogo anasema babu huja kukaa kwenye kiti chake pale pembeni, kiti ambacho hadi leo kimeangikwa koti lake. Asubuhi sote watatu huamka vichwa vinauma, na mkubwa ametapika siku kadhaa, lakini wakishatoka kwenda shambani na binamu zao, ikifika saa tano au sita hivi huwaoni na ugonjwa wowote.

Baridi ya huku mwezi huu si ya mchezo, kwa hiyo mama mkwe hutuletea jiko la mkaa chumbani kila jioni, nami hufunga madirisha na kuziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga, mwanzoni kwa ajili ya baridi na sasa kwa ajili ya woga pia. Mume wangu huja mwisho wa wiki tu na hulala sebuleni na kaka yake, na wao hawajaona kitu. Mama mkwe analala nyumba ndogo ya uani, naye ni mzima wa afya. Kwa sababu hiyo wifi yangu amekwisha kusema mbele za watu kwamba marehemu hanitaki chumbani mwake kwa kuwa sikufika mazikoni, ingawa anajua kwamba wakati ule nilikuwa nauguza mtoto hospitalini. Ameitwa mganga, naye ameagiza mbuzi mweusi, na kwamba mimi na watoto tufungiwe chumbani humo usiku kucha tukifukizwa ubani na dawa zake. Sitaki kuvunja heshima ya ukweni, lakini naogopa. Nifanye nini?

Mama wa Wawili, Lushoto

JIBU: Mama wa Wawili, pole sana kwa misukosuko hiyo, na pole kwa msiba ambao ni dhahiri kwamba bado haujapoa katika nyumba hiyo. Kwa kuwa jambo lako halikuweza kusubiri toleo hili, tulikutumia jibu fupi siku ileile barua yako ilipotufikia: jiko litoke chumbani leo hii, madirisha yafunguliwe, wewe na watoto mlale chumba kingine, kesho yake asubuhi mwende hospitali, na asikubali mtu yeyote kufungiwa ndani na chetezo. Umeturuhusu tuichape barua yako, na hapa nitaeleza sababu za maagizo hayo, kwa maana nyumba zinazoingiza jiko chumbani wakati wa baridi ni nyingi, kuanzia Usambara hadi Makete na Limuru.

Barua yako imesimulia habari ya mzuka na habari ya jiko kana kwamba ni mbili, na mimi nadhani ni habari moja. Mkaa unapoungua mahali penye hewa haba hautoi tu ile hewa ukaa ya kawaida, bali hutoa pia kaboni monoksidi, ambayo ni gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu na isiyowasha macho. Ubaya wake uko katika damu. Chembechembe za damu zinazobeba oksijeni huing'ang'ania gesi hii kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoshika oksijeni, hivyo mtu huendelea kupumua kama kawaida huku ubongo na moyo wake vikikosa riziki. Wengi huamini kwamba jiko la hatari ni lile linalofuka moshi, ndiyo maana huliwashia nje na kuliingiza ndani likishaiva. Kumbe mkaa uliokwisha kuiva, mwekundu, usio na moshi hata kidogo, huendelea kuitoa gesi hii kwa wingi, na jivu lililoufunika halizuii kitu.

Sasa tazama ni nani anayesumbuliwa. Mumeo na shemeji yako wamo katika nyumba hiyohiyo, tena yule ni mwana wa marehemu wa kumzaa, lakini sebuleni hakuna jiko. Mama mkwe analala uani bila jiko. Wanaoona mambo ni watu watatu waliofungiana na mkaa unaowaka, mlango ukiwa umezibwa kwa kanga, na kadiri woga unavyozidi ndivyo mnavyoziba zaidi na kuipunguza hewa iliyobaki. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika, moyo kwenda mbio, masikio kuvuma, miguu kulegea na akili kuchanganyikiwa ni dalili zinazojulikana za sumu hii. Mtu aliyeamshwa usiku wa manane na mwili ulio katika hali hiyo, katika chumba cha marehemu, huku akijua kwamba ukoo mzima unamnong'ona, hahitaji kuambiwa aliyesimama kitandani ni nani.

Kupona kwenu ikifika saa tano au sita nako kunasema jambo. Mtu akitoka kwenda kwenye hewa safi, nusu ya gesi iliyomo katika damu yake huondoka kwa muda wa saa nne au tano hivi, na nusu ya iliyobaki huondoka kwa muda kama huo tena. Malaria haina ratiba ya namna hiyo, wala chakula kilichochacha.

Yaliyowapata si mapya. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Washington, William Wilmer, alichapisha katika jarida la madaktari wa macho wa Marekani maelezo ya mama mmoja aliyehamia na familia yake katika nyumba kubwa ya zamani mwaka 1912. Muda si mrefu walianza kusikia nyayo katika vyumba visivyo na watu, watumishi wakaogopa, baba mwenye nyumba akahisi kuna mtu anayemfuata nyuma, watoto wakapauka na kuumwa vichwa, hata mimea ya vyunguni ikanyauka. Walipolichunguza tanuru la kupashia nyumba joto walikuta ni bovu, na moshi wake, badala ya kupanda katika dohani, ulikuwa ukimwagika ndani. Tanuru likatengenezwa, na wageni wa usiku wakakoma. Wao walikuwa na tanuru kubwa na ninyi mna jiko dogo, lakini damu ya binadamu haina habari na ukubwa wa jiko.

Kuhusu hospitali, nenda hata kama mmekwisha kupata nafuu, na sababu kubwa ni huo ujauzito. Gesi hii huvuka kondo la nyuma, na damu ya mtoto aliye tumboni huishika kwa nguvu zaidi na kuiachilia polepole zaidi kuliko damu ya mama, kwa hiyo mama anaweza kujiona ameshapona ilhali mtoto bado. Ukifika, usiishie kusema kwamba mnaumwa vichwa, sema waziwazi, “Tumelala na jiko la mkaa, chumba kimefungwa.” Nasisitiza maneno hayo kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni hakiwezi kuitofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba sumu hii, na kinaweza kusoma vizuri kabisa huku mgonjwa akiwa mahututi. Kipimo cha kweli ni cha damu, nacho kikichelewa kufanywa huweza kuonyesha kiwango kidogo, kwa hiyo mwambie daktari pia mmetoka chumbani saa ngapi. Matibabu ni oksijeni kwa barakoa, ambayo hupunguza zile saa nne au tano hadi kama saa moja au moja na nusu.

Kuna usiku ambao hata hospitali haiwahi. Ukimkuta mtu katika chumba chenye jiko hazinduki, usikae kumpepea humo ndani wala kumtafutia dawa. Mburure umtoe nje kwanza, ndipo uite watu.

Nakuonya kwamba jiko likitoka baadhi ya sauti zitabaki, na wifi yako asije akasema kuwa dawa imeshindwa. Nyumba yenu, kama nyingi za huko, nadhani imeezekwa mabati juu ya mbao. Jua la mchana huyatanua mabati na baridi ya usiku huyasinyaza, na kila yanaposinyaa hugonga au kualika, mara hapa mara pale, kwa mwendo unaofanana sana na hatua. Na kichanga kinacholia dirishani, ikiwa karibu na nyumba kuna mparachichi au mpera wenye matunda, karibu naapa kwamba ni komba. Mnyama huyu hutembea usiku, hurukia mapaa, na kilio chake kimewatoa kitandani watu wazima waliozaliwa misituni. Wazee wa hapo watakutajia pia perere, anayekaa juu ya miti ya misitu ya Usambara, ambaye sauti yake hupanda kidogo kidogo hadi kuwa mayowe ya mtu anayechinjwa. Wenyeji wamezizoea sauti hizi kiasi cha kutozisikia tena. Mgeni kutoka Dar es Salaam, ambako kelele za usiku ni za pikipiki na muziki wa jirani, huzisikia zote. Mwombe shemeji yako atoke na tochi usiku mmoja pamoja na mwanao mkubwa, wamulike mtini. Macho ya komba hung'aa mekundu, na mtoto aliyekwisha kuyaona atakuwa na la kuwasimulia wenzake shuleni.

Huyu mdogo anayemwona babu usimkemee wala usimhoji mbele za watu. Mtoto wa miaka mitano amesikia habari za babu kutwa, amelazwa kitandani kwa babu, na mbele yake, katika mwanga hafifu wa makaa, kuna kiti cha babu kilichovaa koti la babu. Kihamishieni kiti hicho sebuleni, mahali pa heshima, na koti likunjwe liwekwe sandukuni na mama mkwe mwenyewe kwa mkono wake.

Baridi nayo ni ya kweli na haifukuzwi kwa maneno. Jiko linaweza kuwekwa chumbani jioni mlango na madirisha yakiwa wazi, wakati hakuna mtu aliyelala humo, kisha litolewe nje kabisa, si ukumbini, kabla ya watoto kupanda kitandani. Baada ya hapo ni blanketi, soksi, na chupa za maji ya moto zilizokazwa vizuri na kuviringwa kitambaa. Kuacha dirisha wazi kidogo huku jiko likiendelea kuwaka usiku kucha hakutoshi, na sitaki mtu atoke katika safu hii akidhani kwamba nimelihalalisha. Mwenye uwezo anaweza kununua king'ora kinacholia gesi hii ikizidi. Hakigharimu kama msiba.

Nimebakiza ukweni, ambako nadhani ndiko kunakokuuma zaidi. Usiende kwa mama mkwe na kumwambia kwamba hakuna mzuka, kwa sababu hilo litakuwa shauri la imani, na katika shauri la imani mkamwana hashindi. Tena jiko analileta yeye kwa mapenzi. Akisikia ghafla kwamba mkaa wake umewadhuru wajukuu, ataumia, na wifi yako atapata neno jingine. Mwache mumeo aseme, naye aseme hivi: daktari amekataza jiko chumbani kwa sababu ya mimba. Sijaona bado familia, iwe ya pwani au ya bara, inayobishana na mimba. Maelezo marefu ya gesi yanaweza kufuata baadaye, mkiwa mmekaa jikoni mnamenya viazi, na mama mkwe atayapokea bila kujiona ameshitakiwa.

Kwa mganga sina upole huo. Kufungia mjamzito na watoto wawili usiku kucha pamoja na makaa ya ubani, katika chumba ambacho tayari kimewatapisha, ni kuwaua, hata kama nia yake ni njema. Kama familia inataka kumrehemu marehemu, na hilo ni jambo jema hasa kwako ambaye hukuwahi mazikoni, isomwe khitma mchana, milango ikiwa wazi, na huyo mbuzi, mweusi au mweupe, achinjwe watu wale. Wewe uwe miongoni mwa wanaopika na kuandaa. Wifi yako akikuona umeshika mwiko mbele ya jirani wote, atatafuta maneno na hatayapata.

SWALI: Mpendwa Mshauri, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Muscat, na wazazi wangu asili yao ni Pemba. Kila mwaka joto la Muscat likizidi huja likizo katika shamba la karafuu la mjomba wangu, upande wa Wete. Safari hii nimeamka mara kadhaa alfajiri nikiwa nimekandamizwa kifuani. Macho yanaona, lakini siwezi kujitikisa wala kuita, na kuna kivuli cheusi mlangoni. Wajomba wanasema Popobawa, yule mzuka anayesemekana kuwavamia watu usiku, amerudi, na wameanza kunong'ona kwamba aliyemleta ni mlinzi wa shamba, ambaye ni mtu wa kuja kutoka bara. Je, kuna ukweli?

Mpwa, Pemba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baada ya kusoma barua ya kwanza nilikuuliza kwa ujumbe kama mnalala na jiko au jenereta, ukanijibu kwamba hakuna na kwamba madirisha hukesha wazi, kwa hiyo lako ni jingine. Tunapoota ndoto, ubongo huizima misuli ya mwili ili tusizitende ndoto zetu kitandani. Mara nyingine akili huamka kabla ya misuli kufunguliwa, na kwa sekunde au dakika chache mtu huwa macho ndani ya mwili uliolala, huku vipande vya ndoto vikiendelea kupita mbele yake. Kupumua kunaendelea, ingawa kifua huhisi kimelemewa. Hali hii huwapata watu wa mataifa yote, zaidi wale waliokosa usingizi, waliobadilisha saa za kulala, na wanaolala chali. Kijana aliye likizoni, anayekesha barazani na binamu zake kisha akalipa deni la usingizi mchana, anaialika kila siku.

Lala ubavu, ulale kwa saa zinazoeleweka, na ikikujia usipambane kuinuka mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu au cha mkono, upumue taratibu, nayo hukatika. Ikiwa unasinzia ghafla mchana hata ukiwa umelala vya kutosha, hapo umwone daktari.

Lakini linalonitisha katika barua yako ni huyo mlinzi. Wajomba zako wana umri wa kukumbuka mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipoanzia hukohuko Pemba, ikavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam, watu wakawa wanalala nje kwa makundi wakizunguka moto. Katika hofu hiyo mtu mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa akili alishukiwa kuwa ndiye, akauawa na umati mjini Unguja. Hakuwa na kosa lolote. Mnong'ono mnaousikia sasa barazani ndio uliomtangulia yule. Wewe ndiye unayekandamizwa, kwa hiyo neno lako lina uzito kuliko la mtu mwingine yeyote nyumbani humo: kaa na mjomba mkubwa leo baada ya swala ya alasiri, umweleze haya niliyoyaandika, na umwombe awaambie wenzake, kwa kinywa chake, kwamba mpwa wao hana mashitaka na mlinzi.